Telefone ya Dot

Siku ya tano, 2 mwezi wa tano

Kesho wakwe wanakuja na dot, mahari ya binti yangu Niyigena. Nyumba imejaa wanawake, wanatwanga majani ya sombe na midomo yao haifunge. Nimejificha mu chumba niandike kidogo.

Wananicheka. Mama wa bibi-harusi ameacha mbuzi yake, ameomba telefone! Hata bwana yangu Nzabandora amecheka mbele ya majirani. Acheke. Yeye iko na ng'ombe ya kungojea. Miye niko na mutoto ku Uganda.

Élysée, wangu wa kwanza. Alikimbia wakati walianza kuokota vijana ku barabara na kuwapa bunduki. Sasa iko mu kambi ya wakimbizi. Laini yake ya Congo haishike kule. Iko paka na Watsapu tu, kwa wifi ya kanisa, siku ya yenga, ile ya kusali, kisha misa. Kila yenga nilikuwa nasikia sauti yake, ananiuliza hata habari ya kuku. Mpaka telefone yangu ya zamani ikaandika: modèle hii haikubaliwe tena. Hivi tu! Bila hata pole. Mwezi muzima sijasikia mutoto.

Njo maana niliomba. Sikuomba uzuri. Nilisema: yoyote, yenye kushika Watsapu.

Wananiita. Sombe imeshikana na sufuria.

Siku ya posho, 3

Eh, siku ya leo! Miguu inaniuma, sauti imeisha.

Ng'ombe njo ilitangulia. Nyekundu, shingo nene. Wanaume wetu wakaizunguka. Nzabandora akaifungua kinywa, akaangalia meno. Akashika chuchu moja moja. Akaitembeza mu mutelemuko aone kama inachechema, akarudia tena. Wakwe wamesimama mu jua, jasho inawatoka. Hakuna mwenye alikasirika — ng'ombe ya dot inaangaliwa vile, njo heshima yenyewe.

Kisha shangazi ya bwana-harusi Valens, Mama Bénédicte, akatokea na karto, sanduku ndogo nyeupe, juu ya kitambaa. Telefone! Tena ya jina kubwa, ile watoto wa Goma wanapiga nayo picha mbele ya kioo. Wanawake wote wakapiga vigelegele. Nikapokea na mikono mbili, nikapiga magoti, nikacheza. Nilicheza kweli, sitaficha. Mukwe wangu Valens aliangalia chini wakati wote, nikasema ni haya.

Hakuna mwenye aligeuza ile telefone hata mugongo.

Musemaji wetu Muzee Munyakazi akasimama, akafunga mambo: tumepokea vyote, na vyote ni vizima. Kwetu kisha neno ile, kitu hairudi. Wakanywa pombe ya kasiksi mpaka jua ikaenda.

Kesho ni yenga!

Siku ya yenga, 4

Haishike.

Umwali amekuja kisha misa kunitilia Watsapu. Ni binti ya jirani, alikuwa anauzisha telefone ku Goma mbele ya vita kumurudisha huku. Yake mwenyewe waliinyang'anya ku barrière ya wenye bunduki, leo anatembea na katelefone kadogo ka tochi.

Watsapu inasema: tia kwanza mise à jour, ile ya kufanya telefone kuwa mupya. Tunaenda ku mise à jour. Telefone inasema: niko à jour. Tunarudi ku Watsapu: aka, umezeeka. Tunaenda tena: niko à jour! Nikasema, Umwali, nani hapa anadanganya? Umwali hakucheka.

Amenieleza polepole. Ile modèle ni ya zamani. Wenye kuitengeneza wanaipelekea mise à jour kwa miaka fulani, kisha wanaiacha. Ya mwisho yenye ilipata njo hiyo, kwa hiyo inajiona iko kijana. Mwili ni muzima, kioo kizuri, lakini Watsapu haiitaki tena. Anasema mbele ya kununua muntu anauliza: ilitoka mwaka gani, itasaidiwa mpaka lini? Hakuna mwenye anauliza. Wanaangalia ku mugongo kama kuko ile alama ya kampuni. Heri ile nyeusi ya plastiki yenye iko ku soko ya Kashebere, anasema. Mbaya ya sura, lakini imetoka juzi.

Nimemuomba asiseme kwa muntu. Ameapa.

Élysée amengojea leo. Namujua, amekaa pale mpaka wamefunga kanisa. Nimelia mu jikoni, nikasema ni moshi.

Siku ya kwanza, 5

Nimelima maharagi siku yote. Sijasema kitu kwa muntu. Nimekata majani, nimekata na maharagi yenyewe.

Siku ya pili, 6

Nimemwambia Nzabandora. Heri ningeambia ng'ombe yake.

Kwanza hakusikia. Kisha amesikia, ameanza kutembea mu nyumba. Tumepokea, anasema. Munyakazi alisema vizima mbele ya watu wote. Turudi kusema wakwe walituletea maiti? Unajua hiyo inaitwa nini? Wataona tunatafuta njia ya kuvunja ndoa!

Nikamwambia: ng'ombe uliiangalia mpaka mu koo. Telefone ya mama wa watoto wako hukuigusa hata na kidole!

Anasema: mimi nitajua meno ya telefone?

Ningekuwa na moyo mwepesi ningecheka. Nimemwambia basi niache niazime ya Munyakazi, labda itakubali namba yangu, nisikie mutoto. Hapa kilimani wenye telefone kubwa walizinyang'anywa, ao wamezificha. Ya Munyakazi njo najua tu. Nzabandora akasimama mu mulango. Ukienda kwa Munyakazi, anasema, kesho asubui Kashebere yote inajua. Na kweli ile kinywa ya Munyakazi haina kifuniko. Lakini ni kinywa yangu njo imefungwa!

Hatuongee tangu mchana. Nimemupa chakula bila neno.

Siku ya tatu, 7

Mama Bénédicte amepiga simu, ya kawaida. Sauti yake asali, lakini ndani kuko mwiba. Mama mukwe, salamu. Tunatuma picha za dot ku groupe ya familia ku Watsapu, watu wote wanashukuru, paka wewe hatukuone. Ao zawadi yetu haikufurahishe?

Nimesema ni réseau, mutandao haupite. Huku kwetu ku Nyamitaba réseau inasumbua, Mama.

Akasema: mbona hii simu inapita vizuri?

Nimeanza kukohoa. Muke muzima wa miaka yangu, nakohoa kama mwanafunzi wa kuchelewa! Amesema watakuja siku ya yenga kisha misa kufunga tarehe ya ndoa, na yeye mwenyewe atanitia mu groupe na mukono yake.

Kwa hiyo nikisema, nimewatukana. Nikinyamaza, nimewazarau. Wanitafutie njia ya tatu.

Siku ya ine, 8

Naandika mbio, sijue kama nitasoma hii kesho.

Damascène, dereva wa huku kwetu, amerudi na lori toka Uganda. Amepita hapa mbele ya kwenda kwake, hata chai amekataa. Ameona Élysée ku mulango ya kambi. Mutoto amekonda. Élysée amemupa neno la kuniletea: sauti ya mama imepotea mwezi muzima. Yenga hii nikiikosa tena, siku ya kwanza napanda gari, nakuja kuona mwenyewe kama wako wazima.

Anakuja! Kwa ile barabara! Damascène mwenyewe amesema wiki hii ku barrière wameshusha vijana wawili mu lori ya mbele yake, hakuna mwenye ameuliza walienda wapi. Nimemushika shati, nikamwambia rudi umukataze. Ameniondoa mukono kwa heshima. Sitarudi Uganda mbele ya wiki mbili, Mama, anasema. Lori haina pneu, mipira imeisha.

Nzabandora alisikia yote. Amekaa chini. Nilingojea aseme: enda kwa Munyakazi. Hakusema.

Siku ya tano, 9

Nimemwambia Niyigena, sababu ni ndoa yake, na ni kaka yake.

Akasema haraka: Valens iko na telefone nzuri, amuandikie Élysée leo! Nikamukumbusha. Mwaka jana muntu alimuandikia kwa namba ingine, akijifanya ni mimi: rudi, papa amekufa. Karibu apande gari. Tangu ile siku tumepatana, yeye na mimi: paka namba yangu, paka sauti yangu. Ingine yote anafuta bila kusoma. Valens akimuandikia, ni kama ameandika ku maji.

Hapo Niyigena ameanza kulia. Nikazani ni juu ya kaka yake. Kumbe kuko kitu ingine. Valens alitaka kuninunulia ile nyeusi ya plastiki! Alikuwa nayo mukononi, ku soko, muuzaji alimwambia itasaidiwa miaka mingi. Niyigena njo alikataa. Alimwambia: mama yangu hatapokea telefone ya wamotari wa pikipiki mbele ya watu. Wakatafuta yenye kung'aa, ya occasion, yenye ilishatumika, na shangazi ya Valens akasifu.

Sikumupiga. Nilitaka. Nimemuuliza: Niyigena, ulikuwa unanivalisha ao unanipa mutoto wangu?

Amesema: Mama, ukisema mbele yao, Mama Bénédicte ataniita mwenye kiburi mpaka nazeeka. Nitakula kwa meza yake kila siku, Mama. Wewe utabaki huku.

Na hiyo ni kweli. Njo inaniuma.

Siku ya posho, 10

Umwali amekuja kuniona, anaona nimeisha. Nimemuuliza kama kuko njia, hata moja. Iko. Namba ni yangu, anasema. Telefone yoyote yenye ingali inasaidiwa, hata ya kuazima: natia SIM yangu, inaniletea code, Watsapu yangu inaamuka na namba yangu. Élysée ataona ni mimi. Saa moja tu inatosha.

Yoyote. Valens iko mbali mpaka kesho, hapa kilimani maana yake ni Munyakazi. Nimeenda kwake mara moja, bila kuomba ruhusa. Nimekuta mulango imefungwa: amelala Ngungu kwa mazishi. Atarudi kesho, atakuja na wakwe moja kwa moja, atafungua maneno.

Kwa hiyo sina pa kumupata peke yake. Ni mbele yao ao hakuna.

Nimemwambia Nzabandora usiku huu: kesho nitasema. Amegeuka ku ukuta. Kisha, nikizani amelala, amesema polepole: ongea vizuri tu, usimutaje Valens.

Siku ya yenga, 11

Wakwe wako mu salon, chumba ya wageni. Naandika nimesimama, karatasi juu ya gunia ya maharagi.

Wamefika mbele ya saa. Mama Bénédicte amevaa kikwembe mupya, amekaa ku kiti ya mbele. Valens iko ku mulango, anaangalia viatu. Niyigena amepitisha fanta, chupa zinagongana mukononi mwake. Ku Uganda wanatutangulia saa moja. Kule misa imeisha. Élysée ameshakaa ku ukuta ya kanisa, ameshafungua telefone.

Munyakazi anaongea. Ameanza na ng'ombe! Anasifu ng'ombe, wanapiga makofi. Telefone yake iko juu ya meza, karibu na mukono yake, ya plastiki, nyeusi. Sikuwahi kuiangalia vizuri mbele ya leo.

Nilijua nitaogopa. Naogopa. Niyigena ameingia huku sasa hivi, ameniangalia, nikajua atasema Mama hapana. Hakusema. Ametoa hereni yake, amenipa.

Nimetia sindano ya hereni mu kale katundu ka pembeni ya telefone ya kung'aa. Kasahani ka SIM kametoka.

Mama Bénédicte anauliza sasa, nasikia: na telefone yetu iko wapi, nimutie mu groupe mbele ya wote? Wanacheka. Nzabandora njo anajibu, sauti yake si ya mubaya. Anaita: Mama Élysée, kuja. Kuja na yote, na maneno yako.

Ile ya kung'aa nimeiacha juu ya gunia. SIM iko mukononi mwangu, nitaomba Munyakazi ile yake ya plastiki mbele ya wote. Nakuja.