Siku Sita za Anisia

Ushirombo, 9 Mei 1976

Mdogo wangu Otmar,

Pokea salamu zetu huko machimboni Geita. Sisi wazima. Pamba tumeanza kuvuna, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Niliyokuandikia mwezi Machi kuhusu mwanao hayakuwa kweli. Nilisema homa ilimchukua ghafla. Anisia aliugua surua siku sita. Siku ya tatu jirani yetu, Mama Melania, alileta baiskeli ampeleke zahanati. Nikamzuia. Mhubiri mmoja mgeni alikuwa ametuambia Bwana anarudi Jumapili ile, nami nikamjibu Mama Melania, "Zimebaki siku nne tu. Yesu atamponya mwenyewe."

Mtoto alisikia. Akaniuliza, "Shangazi, akija atapitia Geita kumchukua Baba?"

"Atapitia," nikasema.

Alifariki Jumamosi. Jumapili jua lilichomoza kama kawaida, mhubiri ameshaondoka, na sisi tukachimba kaburi.

Bado naamini Bwana atakuja, na Anisia atafufuka. Bila hilo nisingeweza hata kuamka asubuhi. Lakini siku hiyo nitamtazamaje? Wiki iliyopita mjukuu wa Mama Melania alishikwa na homa. Nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe hadi zahanati, nikilia njia nzima. Amepona.

Njoo nyumbani, Otmar. Nihukumu wewe kwanza, ana kwa ana. Siwezi kungoja siku ya mwisho.

Ni mimi dada yako,
Febronia