Majina Sitini na Namba Moja

Makazi ya Kwamzinga, Handeni
4 Februari 2024

Mpwa wangu Samiha,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Mimi mzima, ukiacha goti. Dada yangu, mama yako, hajambo? Simu ninayo, lakini neno la simu likishasemwa limekwenda. Karatasi unaweza kumwonyesha mtu.

Tangu mradi wenu uliponipa kofia, fulana na cheo cha "mtafiti mwenza", sijakaa. Nimeingia nyumba sitini na moja na swali lenu: sisi tuliokuja wakimbizi tukapewa uraia, tushirikishwe vipi katika uongozi? Kalamu ya mradi iligoma nyumba ya tatu, nikaendelea na penseli yangu ya useremala. Watu wamesema mpaka daftari likajaa, nikaandika na nyuma ya jalada. Wanataka kitongoji chao, mwenyekiti wao, na mkutano ambao wao ndio wanaouliza.

Ila kila mmoja aliweka sharti: jina lake liandikwe. Bi Zuwena alinishika mkono wa penseli. "Andika Zuwena binti Masoud bin Mwinyijuma. Usikate." Nimewaahidi wote kwamba majina yatatoka kwenye kitabu chenu.

Daftari analeta Loveness, muuguzi wa zahanati yetu.

Mjomba wako,
Luqmani

Makorora, Tanga
25 Februari 2024

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima, joto tu. Mama anasema goti ulichue kwa mafuta ya mbarika.

Daftari limefika. Wakubwa zangu wamelifurahia mno. Mmoja amelipiga picha pamoja na doa la chai. Ila kuna jambo. Kwa taratibu za utafiti, majina hayaingii kwenye ripoti. Kila mtu anapewa namba. Ni kwa usalama wao: mtu akimlalamikia mkubwa, mkubwa asimjue. Bi Zuwena ni Mshiriki wa 14. Ilikuwemo kwenye fomu walizoweka dole gumba. Fomu niliwasomea mimi, mbio mbio, na hilo kosa ni langu.

Tafadhali waeleze. Mkataba wangu unaisha Juni na wameshadokeza kuuongeza.

Mpwa wako,
Samiha

Kwamzinga
10 Machi 2024

Mpwa wangu,

Salamu kwanza, hasira baadaye, ndivyo tulivyolelewa. Goti limepona. Sasa kinachouma ni kichwa.

Nimewaeleza. Bi Zuwena alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua pindo la kanga akatoa kadi ya mgawo ya miaka ile tulipoingia kutoka Somalia. "Namba ninayo," akasema. "Nilikwambia nimepungukiwa namba?"

Babu zetu walitolewa Handeni hii hii wamefungwa kamba, wakauzwa utumwani huko Somalia, na hakuna aliyeandika jina. Sisi tumerudi, tukaandikwa namba. Sasa mnakuja kutafiti jinsi ya kutushirikisha, na cha kwanza mnachofuta ni jina. Mimi shule sikuimaliza, labda ndiyo sababu sielewi.

Novemba kuna uchaguzi wa vitongoji. Watu walikuwa wakisema, tukipata chetu, waniweke mimi. Leo nikipita kwenye bucha, mchinjaji anapaza sauti: "Mtafiti mwenza! Mimi ni namba ngapi? Na nyama nikukatie ya mshiriki gani?" Nani atampa uongozi mtu aliyeshindwa kutunza majina?

Kwa hiyo nimezunguka tena, nyumba kwa nyumba, na swali moja: jina au namba? Sitini wamesema jina, wakaweka dole, kila mmoja na karatasi yake. Mmoja, Nasri, amesema namba. Ndiye aliyesimulia habari ya karani wetu anayedai kuku ndipo akuandikie barua. "Mimi nifiche," akasema. "Kuku wangu wameisha." Nikamwandikia namba, maana pale wewe na taratibu zako mko sawa, kwa nyumba moja. Sitini zilizobaki je?

Mjomba wako,
Luqmani

Makorora
16 Mei 2024

Shikamoo mjomba,

Unaendeleaje? Nisamehe kwa miezi miwili ya kimya. Mimi nilikuwa nasubiri jibu, na jibu lilikuwa linasubiri kamati. Kamati, iliyoko ng'ambo, imesema wazo lako ni zuri na litazingatiwa katika utafiti ujao. Ripoti imeshachapwa.

Itatolewa tarehe 30, kwenye ukumbi mmoja hapa Chumbageni, mbele ya mgeni rasmi. Umealikwa. Una dakika mbili za kutoa shukrani. Nakuomba, mjomba wangu, iwe shukrani kweli. Karatasi za madole ziache nyumbani. Mkataba wangu unajadiliwa wiki hiyo hiyo.

Mpwa wako,
Samiha

Kwamzinga
28 Mei 2024

Mpwa wangu,

Wazima sisi, nawe iwe hivyo. Naandika kwa haraka, Loveness anasubiri gari.

Siji. Karani anasema nisitoke makazini bila barua ya ruhusa. Nikamwonyesha cheti changu cha uraia. Akakitazama mbele na nyuma, akasema hicho ni cha uraia, si cha safari. Barua ingekuwa tayari jana, ila wino umekwisha. Kisha akataja kuku wawili. Nimemwambia mimi nafuga bata. Basi mkutano wa kutushirikisha utafanyika bila sisi, kwa kukosa ruhusa ya kushiriki.

Karatasi sitini hizi hapa. Nasri hayumo. Sikuagizi kitu, una mkataba wako, na mama yako anakula humo. Ukizirudisha bila kuzisoma, sitakuuliza.

Mjomba wako,
Luqmani

Makorora
2 Juni 2024

Shikamoo mjomba,

Afya tunazo, alhamdulillahi.

Kiti chako kilikuwa mstari wa pili, na kibao mbele yake: "Mtafiti Mwenza". Bila jina. Zamu yako ilipofika, mkubwa wangu akasema, "Samiha, msomee mjomba wako shukrani." Walikuwa wameshaichapa wenyewe. Nikaikunja, nikatoa karatasi zako.

Mpaka jina la tisa, watu walidhani nasoma orodha ya marehemu. Wengine waliinamisha vichwa. La ishirini, mshereheshaji akanionyesha saa. Sikumtazama. Nilisoma yote sitini, nikamalizia: "Na mmoja amechagua namba, na hiyo ni haki yake."

Mgeni rasmi hakusikia. Alikuwa ameondoka baada ya chai. Aliyeshughulika ni Mariya tu, dada wa Usagara aliyekuwa anaandika muhtasari. Alinifuata nje: "Nipe hizo karatasi, nisije nikakosea." Kwenye muhtasari majina yote yamo.

Ripoti iko vile vile. Mkataba haukuongezwa. Barua ya kuniarifu imefika jana; jina langu wameliandika lote, bila kosa.

Mpwa wako,
Samiha

Kwamzinga
9 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole. Mpe pole na mama. Chumba kipo huku, kina dari niliyoipiga mwenyewe, na haivuji sana.

Barua yako nimeisoma mbele ya bucha, mara mbili. Wakauliza kama kitongoji kimekubaliwa. Nikasema bado. Wakauliza kama wakubwa wamesikia. Nikasema walikuwa wameshakunywa chai. Mchinjaji alinikatia nyama bila kuuliza namba. Habari ya Novemba hakuna aliyeigusa, nami sikuigusa.

Ila Bi Zuwena ana swali ambalo jibu lake unalo wewe peke yako. Jina lake ulilisoma mpaka la babu, au uliishia kwa baba? Jibu upesi. Amekaa kizingitini pangu tangu asubuhi, na chai ameikataa.

Mjomba wako,
Luqmani bin Salehe bin Mkomwa