Baba, Nimekataa Kusema Ulitubu

Baba yangu mpendwa,

Jumamosi tumeanua matanga yako, na nimegombana na Kaka Filbert mbele ya watu. Nakuandikia mapema usije ukasikia kwa wengine, maana nawajua dada zako, umbea wao unafika hata huko uliko.

Kaka alitaka nishike kipaza sauti niseme kwamba asubuhi ile ya mwisho ulitubu. Mimi ndiye niliyekuwa nawe peke yangu, kwa hiyo ushahidi ulikuwa wangu. "Sema neno moja tu, mdogo wangu," alinibembeleza jikoni. "Watu wa kanisani kwangu wametoka Kasulu kote huko. Niwaambie nini? Kwamba baba amekufa anabishana na Mungu?"

Lakini si ndivyo ulivyokufa, baba?

Eliya wetu alipofariki kwa malaria, lile kanisa letu la kwanza lilikuwa limeshatuahidi kwamba atapona. Ukauliza kwa sauti, palepale msibani, kwa nini. Wakakujibu kwamba mtoto ameondoka kwa sababu imani yako ni haba, wakakutenga mpaka utubu. Nilikuwa mdogo, lakini hasira ile ninayo mpaka leo na sina mpango wa kuiacha.

Ndipo ukatupeleka Kitahana, kwenye kanisa dogo ambalo watu waliliita kanisa la wabishi. Jumapili ya kwanza tuliposimama kukiri imani, ulifika kwenye "Mwenyezi" ukakwama. Ukanyamaza mpaka mstari ukapita. Mimi nilikuwa nasubiri watu wageuke wakutazame, na hakuna aliyegeuza shingo. Baada ya ibada Mama Mchungaji Leokadia alikufuata nje. "Mzee," akakuambia, "pale usipoweza kusema, sisi tutasema. Ukirudi utatukuta. Usiporudi, hilo benchi ni lako vilevile." Hukuusema mstari ule tena maisha yako yote, na benchi ukalikalia mpaka miguu ilipokataa.

Na ulivyotutesa kwa maswali! Kwetu mahubiri yakiisha mtu yeyote anaruhusiwa kusimama, nawe ulisimama kila mara. Siku ya Yona ulitaka kujua alipumuaje tumboni mwa samaki. Mjadala ukawaka, watu wakafika nyumbani maharage yameungua, wanawake wakakununia wiki nzima. Mama Mchungaji yeye alicheka mpaka akavua miwani.

Wanaosema sisi ni watu vuguvugu tusioamini chochote, nataka waje niwaulize walikuwa wapi ulipolala kitandani. Wabishi haohao ndio waliokuja kwa zamu kukugeuza, kukuogesha na kunipalilia shamba ili nisikuache. Mmoja anaamini kila neno la Biblia, mwingine haamini hata nusu, na wote wawili walibeba ndoo zako. Hakuna aliyekuuliza kama umebadilisha mawazo. Nimekaa na watu wa namna hiyo, na siombi radhi kwa yeyote kwamba ni wangu.

Asubuhi ile uliomba uji, ukanywa vijiko vichache. Nikakuuliza kama una neno. "Mimi na Imana bado tunaongea," ukasema, ukimwita Mungu kwa Kiha kama kawaida yako. Kisha ukafumba macho. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, na hayo ndiyo niliyoyasema kwenye kipaza sauti, yote, pamoja na uji.

"Hakutubu," nikamalizia, "kwa sababu kumlilia mtoto si dhambi."

Kaka alininyang'anya kipaza sauti, kwaya yake ikaanza kuimba juu ya maneno yangu. Waliondoka kabla ya chakula. Tangu hapo hapokei simu zangu, na dada zako wanasema nimekuchongea kwa Mungu. Inaniuma, baba, sikudanganyi. Nilimtazama Kaka usoni, na nilichokiona hakikuwa hasira. Alikuwa anaogopa kwamba hatakuona tena. Ningeweza kumtuliza kwa sentensi moja, na leo ningekuwa bado nina kaka.

Wanabaraza wa ukoo wameniita niende kumwomba msamaha. Nitakwenda, nitamwomba msamaha kwa kuwa niligombana naye mbele ya wageni wake. Kwa nilichosema, hapana, hata wakinikalisha pale mpaka jioni.

Mzee ambaye Kaka alitaka nimshuhudie, yule aliyetubu, simjui. Hakunibeba mgongoni kutoka Busunzu nikiwa na homa, wala hakumchimbia Eliya kaburi kwa mikono yake. Kaka akitaka kumlilia, amlilie. Mimi nilikuwa na baba mmoja, na nimemzika yeye.

Pumzika, baba.

Ni mimi, binti yako