Kabla Hujafunga Hita ya Maji, Kaka

Nyumba ya kona,
Nyuma ya soko la mbao.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka,

Hujambo wewe na wote hapo kwako? Wifi mgongo umemwachia? Sisi huku wazima kabisa. Watoto wanakua mbio, hata mkubwa na baba yao sasa wanagombea viatu. Shemeji yako hajambo, ila kitambi kinazidi kumtangulia mlangoni. Mama naye mzima na ana habari zake, nitafika huko.

Ulisema kwenye simu kwamba umeshaagiza hita ile isiyo na tangi, inayopasha maji papo hapo yanapopita, na fundi anakuja wiki ijayo. Kaka, mzuie kwanza. Soma yaliyotupata sisi.

Unakumbuka mama alihamia kwetu baada ya kuvunjika nyonga. Kila asubuhi nilichemsha maji kwenye sufuria, nikabeba ndoo hadi bafuni, nikamwogesha. Hakulalamika hata siku moja, ila alifumba macho muda wote nikimsugua mgongo, na nilijua si sabuni aliyokuwa akiikimbia. Mwanamke aliyetulea sote peke yake, leo anaogeshwa kama kitoto kichanga. Ndiyo maana shemeji yako alipoiona hita dukani, ndogo kama boksi la viatu, hakujiuliza mara mbili.

Aliyeifunga ni fundi bomba. Kwa mabomba hana mpinzani, lakini umeme aliuunga kwenye waya ule ule wa soketi ya pasi. Asubuhi ya kwanza mama aliingia bafuni na mkongojo wake, akafunga komeo, nami nikabaki koridoni nikitabasamu peke yangu. Maji yakaanza kumwagika. Taa zikafifia, kisha zikazimika, friji nayo ikanyamaza, na harufu ya plastiki inayoungua ikatufikia. Shemeji yako alikimbilia swichi kuu na povu la dawa ya meno mdomoni, akazima kila kitu. Mama huko ndani ana sabuni hadi masikioni, na maji ni barafu.

Alipotoka alikwenda chumbani moja kwa moja, akaanza kupanga nguo kwenye begi.

“Mimi narudi kwangu,” alisema. “Kule maji ni ya baridi, lakini sihangaishi mtu.”

Nilikaa kitandani kando ya begi. Nilimbembeleza asubiri angalau fundi umeme aje. Alikubali, ila zipu ya begi hakuifunga.

Huyo fundi umeme tunamwita Taratibu, kwa sababu hata chai huinywa kama anaikagua. Alifungua soketi, akatuonyesha waya ulioyeyuka ganda. Tukanywea sote. Akatueleza kwamba hita ya aina hii hula umeme mwingi kwa mpigo, kuliko pasi, friji na birika kwa pamoja. Inataka waya wake wenyewe, mnene, kutoka swichi kuu, kikata umeme chake peke yake, na waya wa ardhini uliopimwa. Tena lazima ujue kama umeme unaoingia nyumbani unaihimili. Wetu ulipita kwa tabu. Kwa hiyo anza na fundi umeme, kaka, hita ije baadaye.

Basi, waya ukabadilishwa, hita ikawashwa, na maji yakatoka baridi vile vile. Shemeji yako nusura aizabe kofi. Kumbe tangi letu la nje lilikuwa chini mno; siku ile ya kwanza lilikuwa limejaa pomoni, sasa maji yamefika nusu, presha hafifu, na maji yakija kwa kusuasua hita haiwaki. Ikabidi tuliinue tangi. Angalia na lako.

Halafu usitegemee bafu na jikoni kwa wakati mmoja. Mimi nikisahau nikafungua bomba la moto la sinki, mama hugonga ukuta. Birika lako usilitupe, maana umeme ukikatika hakuna maji ya moto yaliyobaki mahali popote. Na kama maji yenu ni ya chumvi, weka chujio na uisafishe hita mara kwa mara, la sivyo itajaa ukoko mweupe ndani.

Siku Taratibu alipomaliza, mama alikuwa hataki hata kuingia. Alisimama mlangoni, akanyoosha mkono, akaweka kiganja chini ya maji na kukiacha hapo. Kisha akanigeukia.

“Haya, nenda zako,” akaniambia.

Nikaenda. Alikaa humo mpaka watoto wakapanga foleni koridoni. Tulimsikia akiimba, na alipoyasahau maneno akatunga ya kwake. Alitoka anang'aa kwa mafuta, akatupita wote bila kututupia jicho.

Nisalimie sana wifi, na wanangu wote, hasa kitinda mimba wenu mwenye maswali yasiyoisha; mwambie shangazi yake ana majibu machache. Mama anakusalimu, na anasema hita yako ikishafungwa, wifi aoge kwanza.

Jana nilimkuta amemsimamisha shemeji yako juu ya kiti, anamwelekeza pa kupigilia fimbo ya pazia jipya chumbani kwake. Anasema lililokuwepo ni la chumba cha wageni.

Mungu ailinde nyumba yako, watu wake na nyaya zake.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako wa kike.