Misalaba Iliyolala Kushoto

Jumanne, 22 Agosti 1961

Leo nimeshona mistari sita ya mnara. Uzi wa dhahabu umeisha, paa bado. Masera Agnès, mtawa anayetufundisha kushona, anasema uzi ule unatoka Ulaya. Siku hizi Ulaya inatuletea wanaume wenye bunduki tu. Mume wangu, fundi wa karakana ya reli, amefumua mota iliyokufa na kuniletea waya wa shaba, mwembamba kama unywele. Unapita dhahabu. Nimempa Kapinga, mwenzangu darasani, nusu yake.

Kitambaa kimekatwa vipande viwili: picha ya kanisa kubwa la matofali la hapa mjini. Mimi nusu yenye mnara, Kapinga nusu yenye madirisha. Krismasi tuviunge, kitundikwe humo humo kanisani. Kanisa ndani ya kanisa.

Jumamosi, 26 Agosti

Kapinga anashona kwa mkono wa kushoto. Misalaba yake ya uzi inalalia kushoto, yangu kulia. Ukiweka nusu mbili pamoja, yangu inang'aa, yake kama imezimwa. Nimemwambia afumue dirisha kubwa lote, na shanga zake za buluu. Kazi ya siku tatu.

Alifumua mbele yangu, shanga moja moja, akizitia kwenye kopo la sigara. Masera hakuniagiza. Ni mimi tu. Nilijiona mkubwa.

Alhamisi, 31 Agosti

Nyumba ya Kapinga haina mlango tena. Nyumba zote za watu wa Kasai, kama yeye, barabara ile ni hivyo. Waliowafukuza kwa sababu ya asili yao wamebeba hata fremu za madirisha. Jirani anasema familia ilikimbilia kambini, kwa askari wa kofia za buluu, wale walinda amani wa kigeni. Mwingine anasema hawakufika. Nimeuliza watu watatu, nimepata majibu manne.

Neno langu la mwisho kwake: fumua.

Jumatano, 13 Septemba

Risasi tangu alfajiri. Chini ya kitanda, mimi na mume. Nimeshona matofali tisa huko chini, yamepinda. Yatabaki hivyo. Mume anauliza kama kanisa bado limesimama. Langu, ndiyo.

Jumapili, 24 Septemba

Kimya. Misa. Kanisa lipo.

Nje ya mlango mama mmoja ameniambia Kapinga alifia njiani. Alisema huku akitafuna karanga. Sikulia. Nimerudi nyumbani, nimefumua mstari wangu mmoja ili niushone ulalie kushoto kama wake. Mkono umekataa. Kumbe si uzembe. Ni kazi ngumu.

Jumanne, 3 Oktoba

Masera anapeleka unga kambini. Mifuko mitupu inarudi kwenye darasa letu la kushona, tunaikata vitambaa vya kufutia vyombo. Kuikunja ni kazi yangu tangu zamani. Kapinga anajua.

Mfuko wa tano, pembeni, limeshonwa dirisha. Misalaba saba upana, tisa kwenda juu. Waya wa shaba. Katikati shanga moja ya buluu. Na yote, yote, imelalia kushoto.

Nilikaa sakafuni. Masera akauliza kama ni malaria. Nikasema ndiyo. Ni fupi kuliko kueleza.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimepanda lori la unga pamoja na Masera, nusu yangu ya kanisa magotini. Kwenye kizuizi askari aliitazama, akadhani ni kitambaa cha altare, akavua kofia.

Kambi: magunia, mabati, moshi, watu hadi macho yanachoka. Kapinga akatoka kwenye kibanda. Amekonda. Mzima. Watoto wote watatu nyuma yake.

"Yaya, umekuya kukagua kazi?" Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo anavyoniita.

Nikamwambia nilimkosea. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakaja hayo tu.

"Ile dirisha uliipata?" akauliza.

"Niliipata."

"Utanifumulisha tena?"

"Hapana."

"Muzuri. Sababu hata ungesema, miye sina tena nguvu ya kukuheshimu."

Tukacheka mpaka Masera akageuka. Kisha Kapinga akafungua kitenge chake. Nusu yake aliifunga kiunoni tangu siku ile ya kukimbia. Dirisha kubwa amelishona upya, na shanga zote isipokuwa moja. Akanipa nusu hiyo. Nikampa sindano zangu zote.

Jumapili, 15 Oktoba

Nimelala vizuri wiki nzima. Kapinga bado yuko kambini, lakini yuko. Jumamosi nitarudi na lori.

Nimeziunga nusu mbili. Ile shanga moja ya mfuko wa unga nimeirudisha mahali pake. Masera ameona, anasema upande mmoja umekosewa. Sikumwuliza upi.

Imetundikwa ukutani kwangu mpaka Krismasi. Asubuhi mwanga unaingia mlangoni: mnara wangu unawaka, madirisha yake yako gizani. Alasiri mwanga unaingia dirishani, na mambo yanageuka.

Nimesogeza kiti. Nangoja alasiri.