Bita Niliyoandika Imeungua

Clintonville,
Columbus, Ohio.
Jumapili, 16 Machi 2025.

Mpendwa dada yangu Jemutai,

Chamgei, dada. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba ule mguu ulioteguka kwenye barafu mwezi wa Januari umeacha kukusumbua. Nasikia huko Buffalo bado mnapiga theluji sepetu mpaka leo. Usijifanye shujaa, waambie majirani wakusaidie. Na zamu za hospitali je, bado wanakupanga kila wikendi? Bridgit anaendeleaje na shule? Mwambie mjomba wake anamuwaza sana, hata kama simu hapigi.

Sisi hapa tuko salama. Karimi alikuwa na mafua lakini amepona. Gitonga ameota tena meno mawili ya mbele yaliyong'oka, na bado ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Jana nilimwambia aniletee viatu, akavileta, na kabla sijafungua mdomo akasema, "You're welcome, Daddy." Mtoto amejijibia asante yake mwenyewe!

Utashangaa kwa nini naandika barua wakati simu zipo. Wewe unanijua. Kwenye simu mimi ni mtu wa mizaha, jambo likiniuma nalitia utani, nalo linapita. Hili sitaki lipite. Tangu tutoke kanisani nimekaa na kalamu, nimechana karatasi tatu, na aibu haijapungua hata chembe. Basi niseme. Yule jaji aliyeandika kwamba bia yako ya bita imeungua ni mimi.

Tafadhali usiikunje barua. Isome mpaka mwisho, halafu unitukane utakavyo.

Najua chupa zako ulizipeleka Louisville makusudi. Hapa Columbus mimi ni mmoja wa majaji wa mashindano ya watu wanaopika bia nyumbani, na wewe hukutaka mtu aseme umebebwa na kaka yako. Hata mimi mwenyewe hukuniambia. Kumbe wiki ile jaji mmoja wa kule aliugua, wakanipigia nikashike nafasi yake. Nikaendesha gari kwa saa tatu na nusu mpaka Highview, huko huko Louisville, kwenye ukumbi fulani nyuma ya maduka, wakanipa meza ya bita za Kiingereza pamoja na mama mmoja aitwaye Patricia. Chupa hazikuwa na majina, namba tu. Yako ilikuwa ya sita.

Bita unaijua kuliko mimi. Ni bia isiyo na makeke, kimea kinatangulia, uchungu unakuja nyuma, gesi kidogo tu, ya kunywewa polepole huku watu wanaongea. Zile tano za kwanza zilikuwa za kawaida. Ya sita ilimiminwa na Hyacinthe, Mkongomani wa Bukavu anayefanya kazi kwenye ghala moja la pale, ambaye siku hiyo alijitolea kutuhudumia. Nikainua glasi nikanusa.

Dada, nilimnusa Mama Mdogo aliyetulea. Ile harufu ya unga wa pombe ya busaa ukikaangwa kwenye bati, pale unapoanza kunukia kabla haujatoa moshi. Na kimea cha wimbi kimeanikwa kwenye gunia, na wewe umeshika koleo unageuza, macho yanakutoka machozi. Katika ukumbi mzima nilidhani ni mimi peke yangu niliyeijua harufu ile. Na badala ya kufurahi, nikaona haya mpaka masikio yakawa moto.

Unakumbuka shuleni walivyoniita mtoto wa mama pima, kwa kuwa Mama Mdogo aliuza busaa. Wewe ndiye uliyempiga yule mvulana wa darasa la saba kwa ajili yangu, ukaitwa ofisini, ukachapwa. Wewe ndiye uliyekuwa ukianika sare yangu mbali na jiko ili isinuke pombe. Busaa ile ndiyo iliyotusomesha sote wawili, ndiyo iliyotupandisha ndege. Hayo nayajua, na siku ile pia niliyajua. Lakini pale mezani sikuwa jaji tena. Nilikuwa yule mtoto, nikidhani Patricia akinusa tu atajua nimetoka wapi.

Wala Patricia hakujua lolote, maskini. Ameishi Uingereza miaka kumi. Alifumba macho akasema hajaonja bita kama hii tangu arudi, ina ganda la mkate, ina karanga, akataka kuipa thelathini na tisa kati ya hamsini. Nikakohoa. Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya kitaalamu unayoichekaga, kwamba hilo ni kosa, kimea kimeungua, mpishi hajui moto. Nikaandika ishirini na mbili. Kanuni ya pale hairuhusu alama za majaji ziachane mbali, na kwa kuwa watu husema nina pua kali, ni yeye aliyeshuka. Tena akaniomba radhi kwamba hakuusikia moshi. Hapakuwa na moshi wa kusikia, Jemutai. Nilijua hapakuwa.

Halafu Hyacinthe. Alikuwa amenusa kilichobaki kwenye chupa, na jina langu alilisoma kifuani, akajua mimi ni mtu wa Afrika Mashariki. Akaniinamia akaninong'oneza, "Bon, kaka, hii pombe iko na harufu ya kwetu. Donc munaikatala juu ya nini?" Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba samahani, sijamwelewa. Mimi huyu! Akakusanya glasi zake akaondoka.

Siku uliponipigia kunisomea ile fomu nilikuwa nje ya duka, mkononi nina mfuko wa viazi. Hata namba ya chupa ulipoitaja nilijikaza nikijiambia labda ni nyingine. Ukasoma "harufu ya uji ulioungua." Ukasoma "mpishi ajifunze usafi wa kazi." Nilikuwa nalijua kila neno kabla hujalifikia. Nikangoja umalize ili nikiri, na nikasikia mdomo wangu unasema, pole dada, majaji wengine hawajui kazi. Ukanishukuru. Loo, ukanishukuru, na mimi nikapokea!

Na ile Jumapili tulipokuwa sote kwenye simu na Mama Mdogo. Ameokoka, mwaka wa kumi na mbili huu hajapika pombe wala kuionja, lakini ulipomweleza ulivyokikaanga kimea chako mwenyewe kwenye karai, kwa mkono, alishindwa kujizuia. Alikuuliza ulikitoa motoni wakati gani. Ukamwambia, kilipoanza kunukia. Akasema hapo hakiwezi kuungua, hata kidogo. Kisha akauliza, "Huyo jaji alilelewa na nani?" Mkacheka wote wawili. Mimi nikasema mtandao unakatika, nikazima simu.

Huenda ningeendelea kujificha hivyo hivyo, nikijiambia mambo yatasahaulika. Kilichonikamata ni ulichosema Jumanne ya wiki iliyopita, kwamba yule mwenye kiwanda kidogo cha bia hapo mtaani kwenu North Buffalo utamwambia hutaki tena. Mtu amekuja kwako mwenyewe, ameonja, anataka uipike bita yako kwenye mapipa yake na jina lako liandikwe ukutani, na anangoja jibu mpaka mwisho wa mwezi huu. Ulikuwa umeyaota haya tangu ulipofika nchi hii. Na sasa unakataa kwa sababu ya karatasi yangu, na karai utampa jirani apandie maua. Ulilisema hilo la maua ukicheka, lakini nakujua, kile hakikuwa kicheko.

Nilimwambia Karimi siku hiyo hiyo. Nilidhani mke wangu atanipigia kelele. Aliweka chini kikombe chake akasema, "Aki Kiprotich, hiyo ni aibu yako ya kitambo, na umeenda kumbebesha dada yako." Akaniambia nikuandikie na nisitie mizaha. Umeona nimejitahidi, isipokuwa pale kwa Gitonga.

Kabla ya kuandika kuna mambo nilitaka niyafanye kwanza, nisije kwako na maneno matupu. Niliwaandikia waandalizi wa mashindano nikawaeleza yote. Alama haziwezi kurudishwa, wamesema, lakini fomu yangu imefutwa na mimi nimesimamishwa ujaji kwa mwaka mzima. Ni haki yangu. Patricia naye nilimwandikia. Alinijibu sentensi moja tu, kwamba ningemwachia auamini ulimi wake mwenyewe.

Jumamosi iliyopita nikarudi Louisville kumtafuta Hyacinthe. Anakaa kwenye fleti pale pale Highview. Alipofungua mlango nikamsalimu kwa Kiswahili, nikamwambia siku ile nilimwelewa kila neno. Halafu akasema, "Nilijua. Njo maana sikurudilia kuuliza." Akanikaribisha ndani, akanipa kiti. Kumbe ile chupa yako ya akiba, ambayo haikufunguliwa, walipotaka kuitupa aliiomba, akaja nayo nyumbani.

Akaileta na glasi mbili. Nikanyoosha mkono kupokea ya kwangu, naye akanizuia. Akasema kwao mwenye kupika ndiye huonja kwanza mbele ya watu, na kwa kuwa mwenyewe hayupo, ndugu yake aonje kwa niaba yake. Hata kwetu ilikuwa hivyo hivyo, unakumbuka, Mama Mdogo hakumpa mtu busaa kabla hajapiga funda mbele yake. Nikashika glasi mikono miwili. Nikapiga funda moja.

Sasa nisikilize, maana hii ndiyo hukumu ambayo ungepaswa kuipata mara ya kwanza. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyoiva. Povu ni jembamba lakini halikimbii. Harufu ni ganda la mkate na karanga zilizokaangwa, na nyuma yake kuna utamu wa sukari guru. Mdomoni kimea kinajaa vizuri bila kuganda, halafu uchungu unakuja taratibu kama wa mboga ya managu, unasafisha ulimi, unataka funda jingine. Kosa nimeliona moja, gesi imezidi kidogo kwa bita, punguza sukari unapojaza chupa. Nimeipa arobaini na moja. Nimekuwekea fomu mpya humu ndani, haina nguvu yoyote kwa waandalizi, lakini safari hii nimeandika jina langu kamili badala ya namba ya jaji.

Hyacinthe alimaliza glasi yake akauliza kama nyumbani tuko wengi tunaojua kupika hivi. Nikamwambia ni wewe tu. Mimi nilijifunza kuonja, wewe ulijifunza kupika, na ni mimi niliyejiona nimesoma zaidi. Nililia mbele ya mtu nisiyemjua, dada, tena mchana kweupe.

Sikuombi unisamehe leo. Kama hutaki kuniona Pasaka, nitaelewa, Karimi na mtoto watakuja bila mimi. Ninachokuomba ni kimoja. Usimjibu yule mwenye kiwanda kwa ajili ya neno langu. Mjibu kwa ajili ya ulichokiona wewe mwenyewe kwenye karai. Ulikitoa motoni wakati wake. Haikuungua, Jemutai. Haikuungua hata kidogo.

Mama Mdogo usimwambie wewe. Kesho asubuhi nitampigia mwenyewe, mtandao ukatike usikatike. Aliuliza yule jaji alilelewa na nani, na nina deni la kumjibu.

Nisalimie Bridgit, mwambie asome kwa bidii na asiwe na pua kama ya mjomba wake. Wasalimie majirani zako wote, hasa yule aliyekuwa apewe karai, na umwambie maua ayapande mahali pengine. Karimi anakukumbatia. Gitonga anasema "hi".

Mungu akulinde barabarani na kwenye barafu, aibariki mikono yako, na moto wako ukae palepale unapoutaka.

Wako akupendaye na aliyekukosea,

Kiprotich,
mtoto wa mama pima.