Sidiria Zangu na Sapoti ya Ukoo

Jumapili, alasiri. Mvua ya mawe imekuwa ikipiga hapa Manga tangu tulipotoka kanisani, na mabati yanavuma hivi kwamba hata nikilia hakuna atakayesikia. Sijalia. Nimekasirika, na hasira yangu mimi huwa inaleta njaa. Nimekula ndizi za kuchemsha sufuria nzima, peke yangu, nimesimama.

Nimefunga ukurasa wangu.

Naandika hapa kwa sababu kwenye blogu hii hakuna anayejua jina langu, na wachache mnaonisoma hamna hamu ya kulijua. Mahali pengine pote nilipo, kuanzia jikoni kwangu mpaka kwenye simu, kuna mtu wa ukoo anachungulia.

Biashara yangu ni sidiria na nguo za kulalia za mtumba. Nauza mtandaoni. Nilianza kwa sababu ya uchungu wangu mwenyewe: miaka nenda rudi nilinunua sidiria sokoni Kebirigo, nimesimama katikati ya watu, naikamata upesi na kuisokomeza kwenye mfuko bila kuipima, kama mwizi. Nikifika nyumbani inanikata mabegani. Nikaja kugundua wanawake wote ninaowajua wanavaa saizi isiyo yao, kwa sababu hakuna anayethubutu kuuliza. Nikasema, basi patakuwa na mahali pa kuuliza.

Aliyenishika mkono ni Akinyi. Ni mama wa kutoka kule ziwani, ana kibanda cha marobota ya mtumba mjini Kisii, na ana mdomo usiopumzika. Siku ya kwanza aliniambia, "Dada, usiuze kila kitu kama supamaketi. Uza kitu moja, mpaka mtu akisikia hiyo kitu anakukumbuka." Akifungua robota jipya ananiita nichague kabla ya wengine, nipate zile za juu ambazo hazijachoka, zile tunazoita kamera. Hajawahi kuniambia neno sapoti. Huwa anapiga simu tu, anasema, "Njoo, limefunguka."

Nilifanya kila kitu kwa nia. Nilifua kwa maji moto, nikaanika ndani ya nyumba nyuma ya pazia, kamwe si kwenye kamba ya nje. Nilipoenda laivu nilivaa sidiria juu ya fulana, nikaonyesha mkanda unakaa wapi, kikombe kikipwaya kinaonekanaje, na nini cha kufanya kama umetoka kunyonyesha. Wanawake walikuwa wanaandika maswali ambayo najua hawajawahi kumwuliza mtu yeyote. Kulikuwa na muuguzi mmoja wa Nyaramba ambaye alikuja kila wiki, hanunui kila mara, anakaa tu anasikiliza na kuwajibu wengine. Tulikuwa wachache na tulikuwa tunaongezeka polepole, mmoja akimleta dada yake, dada akimleta mwalimu mwenzake. Nilikuwa naupenda ule upole wa kukua.

Na wanaume wa ukoo wa mume wangu niliwazuia wote. Kabla sijauza hata moja, nilikaa chini na simu nikawatafuta kwa majina, mashemeji, wajomba, mabinamu, nikawafungia mlango. Ukurasa wenyewe haukuwa na jina la mji wetu.

Kwa msomaji asiye Mkisii: sisi tuna chinsoni. Ni aibu, lakini aibu ya heshima. Inakaa kati ya mzazi na mtoto, na zaidi kati ya baba mkwe na mkaza mwana. Baba mkwe wangu hajawahi kukanyaga sakafu ya nyumba yangu, wala hatakanyaga. Akiwa na shida anasimama kule mwisho wa shamba la majani chai, anakohoa, anamwita mjukuu. Mambo ya mwili hayatajwi mbele yake, wala yeye hayataji mbele yangu. Msinielewe vibaya, naipenda chinsoni. Kuna wanawake wanaoishi na wakwe wanaoingia bila hodi, na mimi nalala nikijua mzee yule ananiheshimu kuliko wanaume wengi niliowahi kukutana nao.

Sasa Kwamboka.

Kwamboka ni wifi yangu, dada ya mume wangu Nyamweya, anaishi Kisii mjini. Nilimruhusu kwenye ukurasa kwa sababu ni mwanamke, na kwa sababu aliniomba. Nilimpa hata gauni la kulalia la hariri, lile la rangi ya zambarau ambalo nilikuwa nimejiwekea. Wiki hii alihudhuria semina fulani ya biashara mtandaoni, akafundishwa kwamba ndugu yako akiwa na biashara, sambaza. Basi Alhamisi, nikiwa laivu, akachukua kiungo akakitupa kwenye kundi la ukoo. Akaandika: "Tusapoti bibi ya Nyamweya jamani, ako na biashara poa sana."

Kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi ndiye ninayeuza nguo.

Baba mkwe alikuwa kwenye mkutano wa wazee kuhusu paa la kanisa. Simu ile ya kugusa mume wangu alimnunulia mwaka huu, na zaidi ya kundi la ukoo hana akaunti popote, kwa hiyo hapakuwa na cha kuzuia. Aliona jina la mwanawe, akagusa. Sauti ilikuwa juu kabisa kwa sababu sikio lake la kushoto limechoka. Mke wa mmoja wa wazee ndiye aliyenisimulia kesho yake, huku akijifuta machozi ya kicheko. Anasema wazee wote waliinamisha vichwa kumwangalia mkaza mwana wa mwenzao akivuta mkanda wa sidiria nyeusi na kusema, "Wasichana wangu, hii inainua bila kubana."

Mzee aliifunika simu kwenye benchi, akachukua kofia yake, akaenda nyumbani. Simu ililetwa baadaye na mtu mwingine, na sauti yangu bado inaongea.

Tangu hapo hapiti njia ya mbele ya nyumba yangu. Anazunguka kwa chini, kwenye matope, na ana magoti mabaya. Chai ninayompelekea asubuhi inarudi kama ilivyokwenda. Naumia, nakiri. Ningemtukana nani? Yeye ndiye aliyeaibishwa.

Ijumaa wazee wa boma wakakaa. Sikuitwa. Ningeitwaje? Kesi yenyewe haitamkiki. Nasikia walizungumza saa nzima kuhusu "ile kazi" na "yale mambo" na "huyo mtoto wa watu," na hakuna mmoja aliyetaja ninachouza. Wakaamua niache. Wakamtuma nyanya, mama yake baba mkwe, tunayemwita Magokoro, kwa sababu kwa mila nyanya ndiye peke yake anayeweza kuongea na mke wa mjukuu wake bila haya.

Jana asubuhi akaja na fimbo yake, akaketi kwenye kochi langu, akasema kwa Ekegusii kilichonyooka, "Mwana, wanasema uache kuuza matiti ya kitambaa."

Halafu akacheka mpaka akakohoa. Aliomba aone moja. Nikamwonyesha. Akaigeuza geuza, akaivuta, akasema, "Mimi nilinyonyesha tisa bila kamba," akanirudishia.

Nikamweleza yote. Kwamba niliwazuia wanaume. Kwamba sianiki nje. Kwamba si mimi niliyepeleka kile kitu kwa mzee, ni binti yake wa kumzaa, na binti huyo hakuna aliyemketia kikao. Kwamba ukurasa ule ulikuwa na mlango, na mlango huo ndio chinsoni yenyewe. Nilisema vizuri. Sijawahi kujitetea vizuri hivyo maishani mwangu. Magokoro alisikiliza, hata akatikisa kichwa mara kadhaa.

"Sasa uwaambie hivyo," nikamwomba.

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Nimwambie nani? Yule ni mwanangu. Mimi nitataja hizi vitu mbele ya mwanangu?" Akainuka. "Nitasema umesikia."

Akaenda zake. Hukumu ilikuwa na njia ya kuteremka mpaka kwangu, lakini utetezi wangu haukuwa na njia ya kupanda. Ningetaka kucheka. Siku moja huenda nikacheka.

Nikampigia mume wangu, yuko Nakuru kazini. Alikohoa kama baba yake. "Si uuze tu kitu ingine, mama?" akasema. "Uza hata unga ya wimbi." Nikamkumbusha kwamba unga wa wimbi niliuza mwaka juzi, nikaomba kwenye kundi hilo hilo la ukoo waniunge mkono, na hakuna aliyejibu, hata yeye. Akasema kuna mtu anampigia.

Nikaamua sitaacha. Nitawaheshimu wazee kwa kila jambo, lakini hili nitaendelea nalo, na mlango nitautia kufuli mpya. Jana jioni nikavaa fulana safi, nikaenda laivu.

Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Walimiminika. Kwa muda mfupi moyo wangu, mjinga huyu, ulifurahi.

Halafu nikasoma walichokuwa wanaandika. "Tatabiara yuko hapa?" Tatabiara ni baba mkwe. Mwingine: "Baba mkwe amefika, anza." Mwingine akauliza saizi ya mamake Nyamweya. Wote wanaume, au karibu wote. Mtu alikuwa amerekodi ile video ya Alhamisi akaisambaza pamoja na kisa cha mzee, na sasa ilikuwa inazunguka Nyamira na Kisii, nami nimekuwa kichekesho cha watu wa bodaboda. Niliwazuia mpaka kidole kikachoka. Kila nikimtoa mmoja wanaingia kumi.

Wanawake wangu walikuwa kimya. Nikaangalia vizuri, kumbe hawakuwapo. Walikuwa wameondoka mmoja mmoja bila kuaga, na siwalaumu hata kidogo. Yule muuguzi wa Nyaramba ndiye pekee aliyeniandikia, pembeni. "Pole sana dada. Nimetoka. Mwenzangu wa kazini ameniona humo ndani."

Hapo ndipo iliponichoma. Wazee waliniambia niache, nikakaza shingo. Wahuni walinicheka, nikavumilia. Lakini mwanamke aliyenijia kwa sababu kwangu hapakuwa na macho ya mtu, amepatwa na macho akiwa kwangu. Ukurasa wenye watu elfu na hauna hata mmoja wa kuuliza kikombe kikipwaya kinaonekanaje, ni wa kazi gani?

Kwa hiyo leo, baada ya ibada, nimeufuta. Nimefanya kwa mkono wangu na kwa sababu yangu. Nimewaandikia wanawake niliokuwa na namba zao, mmoja mmoja, nikawaomba radhi. Nimemwambia Akinyi. Hakunipa pole. Amesema nyuma ya kibanda chake kuna nafasi ya kioo na pazia, nije Jumanne nipime kama itatosha, na nisiwaambie watu wa kwetu, nisimwambie mtu hata kidogo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nitaenda. Wanawake wakija watano, watano watanitosha. Lakini nimechoka, nimechoka vibaya, na ule ukurasa niliupenda.

Mvua imepungua sasa hivi na mtandao umerudi. Simu inalia mfululizo. Kwamboka ameona ukurasa haupo, amekimbilia kwenye kundi la ukoo: "Wifi yangu amesikia wazee. Tumshukuru Mungu kwa bibi ako na heshima." Chini yake kila mtu amejitokeza. Mashemeji niliowazuia, wajomba wa Nairobi, binamu nisiowajua kwa sura. Mikono ya kuomba, mioyo, "Mungu akubariki mama," "Mfano wa kuigwa." Mume wangu naye ameweka ua.

Biashara yangu imekufa leo, na leo ndiyo siku ya kwanza ukoo mzima umenisapoti.